Rima Lomeo Rima

Mtu anaweza kuogopa simba, anaweza kuogopa mama mkwe, hata askari wa kaunti anaweza kumwogopa, na hakuna atakayemcheka. Lakini Mungai wa Dagoretti, dalali wa ng'ombe, mwanamume wa miaka arobaini na tisa anayemshika fahali pembe na kumkemea mpaka atulie, alikuwa akiogopa herufi mbili: L na R.

Si kwamba hakuzijua. Kuziandika aliziandika sawasawa, hata kwa mwandiko mzuri. Balaa ilikuwa mdomoni. Huko ndani zilibadilishana viti tangu utotoni, na hakuna aliyeweza kuzirudisha. Darasa la nne mwalimu alimsimamisha juu ya dawati asome "Lala salama, Rehema," naye akasoma "Rara sarama, Lehema," na darasa likacheka mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuchagua maneno kama mama anayechagua mchele. Mkewe Nyakio mpaka leo husema alichumbiwa kwa sababu moja tu: jina lake halina L wala R.

Sasa mtu kama huyo, jamani, si angejipendea mchezo wa kimya? Angecheza drafti. Angefuga njiwa. La! Mungai akapenda redio za mkono, zile ambazo mtu mwenye leseni anabonyeza kitufe cha kuongea na kusikika mpaka kwa watu asiowajua. Akasoma, akafanya mtihani, na kwa kuwa ulikuwa wa kuandika, akaupita vizuri sana. Barua ya leseni ikaja na jina lake la hewani, maana huko hewani kila mtu hujulikana kwa herufi alizopewa. Akaifungua mbele ya Nyakio. Kati ya herufi zote ishirini na sita alizoumba Mungu, wakubwa walimchagulia hizi tatu za mwisho wa jina hilo: L, R, L.

Nyakio alicheka mpaka akakaa chini kwenye saruji.

"Kwani urikuwa unataka nipewe gani?" Mungai akauliza kwa uchungu.

Tuelewane hapa. Watu wa redio hawataji herufi tupu, kwa sababu mawimbi yana kelele. Kila herufi ina neno lake. L ni Lima, R ni Romeo. Kwa hiyo Mungai alipaswa kusema "Lima Romeo Lima." Alichokisema kilikuwa "Rima Lomeo Rima." Mtu mwenye masikio mazuri angeelewa. Ila aliyeendesha kikao cha chama cha hewani kila Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa Mzee Harjit wa Woodley, mwenye miaka sabini na nane, sikio moja zima na lingine la mapambo, na tabia ya kuandika herufi kabla neno halijaisha. Akisikia "Ri" anaandika R. Akisikia "Lo" anaandika L. Daftari likawa na R, L, R.

Na RLR alikuwapo! Alikuwa Lenox, mwanachama wa zamani, jirani wa Mzee Harjit pale pale Woodley.

"Sava, nimeandika," Mzee Harjit alisema Jumamosi ile ya kwanza. "Karibu, Lenox. Uko vapi leo?"

"Dagoletti," Mungai akajibu, jasho likimtoka mpaka miguuni. "Soko ra ng'ombe."

Daftari la kikao hutumwa kwenye kundi la chama la WhatsApp kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo mke wa Lenox, mama mmoja mkali anayeitwa Cate, akasoma kwamba mumewe, aliyeaga kwamba anakwenda kuosha gari Ngong Road, yuko Dagoretti. Jumamosi ya pili ikawa vilevile. Cate akauliza Dagoretti kuna nani. Lenox akaapa kwa mama yake. Chama kizima kikaingia katika ndoa ya watu.

Mzee Harjit akatoa amri kwenye kundi: anayejiita kwa jina la Lenox ajirekebishe. Jumamosi ya tatu jina lake lisikike wazi, kwa sauti au kwa Morse, ile milio mifupi na mirefu ya zamani, yoyote ile halali. Likikosewa tena, huyo mtu atakaa msikilizaji mwaka mzima. Hatabonyeza kitufe.

Mungai alisoma amri hiyo akiwa amesimama katikati ya ng'ombe. Mwaka mzima wa kunyamaza! Alikuwa amenyamaza tangu darasa la nne. Alichoka.

Ndipo akaenda River Road kwa Ravneet, mjukuu wa Mzee Harjit, mwenye kaduka ka redio na chaja ghorofa ya kwanza, juu ya wachapishaji wa kadi za harusi. Msichana huyo alikuwa mwepesi wa mikono na wa ulimi pia. Mungai alimwambia tu kwamba babu yake hasikii vizuri jina lake la hewani; sababu hakuitaja.

"Nikupeleke kwa babu nimwambie?" Ravneet akauliza.

"Hapana! Tafadhari. Nataka kufika mwenyewe."

"Basi tuflashi redio yako, Anko. Tunaitoa programu iliyokuja nayo, tunaiwekea nyingine imetengenezwa na watu wa redio wenyewe. Hiyo ukibonyeza hiki kitufe kidogo cha pembeni, inapiga jina lako kwa Morse yenyewe. Wewe huongei. Babu anaijua Morse kuliko Kiswahili."

Mungai alitaka kumbusu mkono. Redio imsemee! Kwa nini hakuna aliyemwambia mapema?

"Lakini si mchezo," Ravneet akamnyooshea kidole. "Ukiharakisha, unaiua. Betri ijae kwanza. Kabla hujagusa chochote, hifadhi vipimo vyake vya kiwandani. Kila redio ina vyake, ukipoteza huwezi kuomba vya jirani. Kebo isukume mpaka ilie. Ikianza, usiiguse mpaka imalize. Na hii programu mpya inaweza kukufungulia masafa ya wenyewe, ya polisi, ya ndege. Wewe kaa kwenye yale ya leseni yako tu. Sitaki kuulizwa."

Alimpa kebo, na akaahidi kumtumia faili kwa simu.

Ijumaa mchana Mungai na Nyakio wakaketi mezani na kompyuta ya Nyakio, ile anayopigia matangazo ya kanisa. Mungai, kwa pupa yake, alitaka kuruka hatua ya vipimo. Nyakio akamshika mkono.

"Wewe, ng'ombe bila kibali huingia hapo kichinjioni?"

"Haingii."

"Basi na hii haitoki bila kibali." Akavihifadhi vipimo, akaviita "Mungai Asiguse," akaviweka katikati ya matangazo ya harusi na ya harambee ya paa. Mwanamke huyo ana akili. Kumbukeni hilo.

Simu ikalia. Ravneet.

"Anko, hizo redio zinakuja na bodi aina mbili, na kila moja ina faili yake. Toa betri. Kuna kibandiko, mwisho wa namba kuna herufi moja. Ni gani?"

Mungai akatoa betri, akavaa miwani. Hapo palikuwa na L. Kubwa, nyeusi, haina shaka.

"Ni R," akasema. Yaani alisema L, kwa nia yake yote. Kilichotoka kilikuwa R.

"R?"

"Eeh, R. R ya rimau."

Ravneet alikuwa na wateja watatu wakigombania chaja moja. Limau halikumfikia. "Sawa, R. Natuma."

Mengine yalikwenda kama alivyofundishwa. Mungai alishika kitufe cha kuongea huku akiiwasha, tochi ya redio ikawaka na kioo kikabaki giza, kumaanisha iko tayari kupokea. Akasukuma kebo mpaka ikalia. Nyakio akabonyeza. Asilimia kumi. Arobaini. Mungai alikataza watu kupumua karibu na meza. Sabini. Mia!

Akaizima, akaiwasha. Kioo kikatokeza mistari iliyolala ubavu, na tochi ikaanza kupepesa. Kila kitufe alichobonyeza kililia mlio uleule mmoja, kama mbuzi aliyekanyagwa. Alibonyeza vyote. Mbuzi akalia mara kumi na sita.

"Basi umepata tochi nzuri," Nyakio akasema, halafu akaona uso wa mumewe, akajuta. Mungai alikuwa ameinamisha kichwa na machozi yanamlengalenga, mtu mzima na ndevu zake.

"Hata ledio imenikataa," akasema.

Nyakio hakucheka. Akamvutia kiti karibu. "Kesho asubuhi uende River Road. Na sasa hivi utajifunza hayo maneno mawili. Weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu. Iache hapo. Usiitoe mpaka nikwambie. Sema Lima."

"Rima."

"Umeitoa."

Walifanya hivyo mpaka chakula cha jioni kikapoa. Kulipopambazuka Mungai alikuwa zizini akimfundisha fahali mmoja mwekundu alfabeti. "Rrr... Lll... Lima!" Fahali akageuka. Mungai akageuka pia, kuona nani amesema. Alikuwa yeye! "Lima," akarudia polepole, kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko. Kisha akageuza ulimi kwa ile nyingine, akautetemesha. "Romeo." Alikuwa na mbili. Kama angekwenda taratibu, na kama hakuna angemwuliza kitu kingine chochote, alikuwa nazo.

Saa tatu na nusu alikuwa dukani, akihema kwa zile ngazi.

"Imekufa. Imebaki tochi."

"Kama tochi inawaka, haijafa," Ravneet akasema, na kumbe ni kweli: mlango wa kupokelea programu huwa hauguswi, ukikosea unaingia tena. Akatoa betri. Akatazama kibandiko. Akamtazama Mungai. "Anko. Hii ni L. Mbona uliniambia R?"

Mungai akatazama viatu vyake. Nje lori lilikuwa limekwama, na watu wanatukanana kwa furaha.

"Nirisema R," akasema. Akasikia mwenyewe. "Ile R nyingine."

Kila kitu kikampambazukia Ravneet usoni: Lenox, Dagoretti, limau, amri ya babu. Aliuma midomo kwa bidii nyingi, na kwa hilo nampa heshima, maana mimi ningeshindwa.

"Vipimo ulihifadhi?"

Mungai akampigia Nyakio, na "Mungai Asiguse" ikafika kwa simu mara moja. Ravneet akaweka programu ya L, akarudisha vipimo, akaiwasha. Kioo kikanyooka. Vitufe vikalia kila kimoja kwa sauti yake. Mungai aliinua mikono kama aliye kanisani. Saa nne kasorobo.

"Hutafika Dagoretti," Ravneet akasema. "Utaongelea hapo juu kwenye paa, ni pazuri. Ngoja niandike jina lako la kupigwa kwa Morse. Taja."

Hapo ndipo Mungai alipokusanya ujasiri wake wote. Akaweka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu. Akavuta pumzi.

"Lima," akasema. "Romeo. Lima."

Safi kabisa! Mtangazaji wa redio asingesema vizuri zaidi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake mbele ya binadamu.

Na Ravneet, kama alivyokuja kukiri baadaye akiwa amejifunika uso kwa dupatta, ule mtandio wake, alifikiri hivi: huyu akisema R ni L, kwa hiyo akisema Lima anamaanisha Romeo. Mimi sasa nimemjua, sirudii kosa la jana. Akageuza, maana herufi za Lenox hakuwa nazo kichwani. Akaandika R, L, R, akatabasamu kwa werevu wake, akamkabidhi redio. Miwani ya Mungai ilibaki nyumbani juu ya meza.

Paani kulikuwa na matangi ya maji na nguo zilizoanikwa na watu wa gesti ya ghorofa ya juu. Saa nne kamili sauti ya Mzee Harjit ikatoka, imekauka kama mkate wa juzi.

"Kikao kimefunguliva. Nasikiliza majina."

Watu wakajitaja. Mungai akangoja nafasi, akabonyeza kile kitufe kidogo cha pembeni mara moja. Redio ikapiga milio yake mifupi na mirefu, mizuri, safi, haina kigugumizi. Mungai alifumba macho. Hakusema neno, na alikuwa amesikika!

"Ah, Morse nzuri sana," Mzee Harjit akasema, na furaha ilikuwa sautini. "Siku nyingi sijasikia. R, L, R. Karibu, Lenox. Leo umeamua kupiga kengele?"

Mungai akafumbua macho.

"Mzee, si mimi!" Sauti ya Lenox ikaingia, imepanda juu. "Mimi ndio huyu, niko sitting room Woodley, sijabonyeza kitu! Cate yuko hapa, shahidi!"

Na nyuma yake, mbali kidogo na redio lakini wazi kwa chama kizima: "Sasa huyo mwingine wa Dagoretti ni nani? Ni pacha? Mama yako anajua?"

"Hii ni mara ya tatu," Mzee Harjit akasema. Furaha ilikwisha. "Huyu mtu atoke heva..."

Ravneet, aliyekuwa amepanda nyuma yake, alishika kichwa kwa mikono miwili. "Anko! Niligeuza! Ulisema sawa, mimi nikageuza!"

Mungai hakusikia maelezo. Alisikia darasa la nne. Alijiona juu ya dawati, viatu havina kamba, midomo yote ya darasa iko wazi. Angeweza kuzima. Kidole kilikuwa tayari kwenye swichi, na mwaka mmoja si mwingi, ng'ombe hawaulizi jina la mtu. Kisha hasira ikampanda, hasira ya miaka arobaini, na kidole kikahamia kwenye kitufe cha kuongea. Ncha ya ulimi, meno ya juu, vyote alivisahau.

"Mzee, usiandike! Ni mimi! Si Renox! Mama Cate, bwana yako yuko nyumbani, hana makosa, ni urimi wangu! Mimi ni Mungai wa Dagoletti, nauza ng'ombe! Jina rangu ra hewani ni Rima! Lomeo! Rima! Ndivyo ninavyosema na sitasema tena vingine! Anayetaka kucheka, acheke!"

Akaachia kitufe. Nguo za gesti zilipepea. Ravneet alikuwa amemshika koti, sijui kumzuia au kujizuia.

"Rudia jina," Mzee Harjit akasema.

"Rima Lomeo Rima."

"Polepole. Nimehamisha redio sikio la pili."

"Rima. Lomeo. Rima."

Kalamu ya mzee ilisikika ikikwaruza. Kisha akakohoa.

"Mungai," akasema. "Mimi nimepewa leseni mvaka va sabini na moja. Herufi zangu za mvisho ni V na W: Wictor, Viskey. Umesikia? Wictor. Viskey. Miaka zaidi ya hamsini nasema hiwyo. Vajua kva nini hakuna aliyenicheka heva hii?"

"Hapana, Mzee."

"Kva sababu mimi ndiye mvenye daftari."

Halafu yule mzee, ambaye wanachama waliapa hajawahi kucheka tangu mnara wa chama usimikwe, akacheka. Alicheka na kitufe amekikalia, hakuna aliyeweza kuongea, dakika nzima ya kicheko cha Woodley ikimwagika juu ya Nairobi. Alipokiachia, Lenox alikuwa anacheka, na Cate anacheka nyuma yake, na mtu wa Thika aliyekuwa hajajitaja bado. Mungai alingoja kicheko kimchome, kama zamani. Hakikumchoma. Akashangaa kujikuta na yeye anacheka, amekaa juu ya tangi la maji la watu.

"Sasa sikilizeni vote," Mzee Harjit akasema. "Kenya nzima kuna mtu mmoja tu anayeitva Rima Lomeo Rima. Hafanani na mvingine. Nikisikia hiwyo, naandika L, R, L. Mungai, karibu. Uko vapi leo?"

Ravneet alinyoosha mkono aichukue redio, airekebishe ile Morse haraka. Mungai akamzuia kwa kiwiko.

"Wacha," akasema. "Itanikatiza."

Akabonyeza kitufe, akaanza kusema yuko wapi. Yuko paa la River Road, mkabala na hoteli ya kijani, na kuna lori limekwama, na dereva wa lori amekataa kurudi nyuma. Alisema maneno yote aliyoyakwepa tangu darasa la nne, hakuacha hata moja. Alisema mpaka Mzee Harjit akamkumbusha kwamba wengine pia wana leseni.

Kabla ya adhuhuri daftari lilifika kwenye kundi. Nyakio aliliona akiwa kwenye meza ya matangazo ya kanisa, akalisoma mara mbili, akalihifadhi pale pale kando ya "Mungai Asiguse." Lilikuwa na mstari mmoja mpya: LRL, Mungai, Dagoretti. Anasikika wazi.